Shuka Jekundu Mlimani

Mume wake alikuwa na msemo: kulala kando ya mwanamke huyu ni sawa na kulala kando ya cherehani. Mguu haukomi. Hata usingizini alikuwa akikanyaga, na kukikucha shuka lote limejisokota miguuni pake, mume amebaki na ncha ya mto. Ofisini kwao mjini, walikochora ramani za majengo, walimbandika jina la Kifutio kwa sababu alifuta kuliko alivyochora. Chai yake ilipoa mezani kila siku hadi mhudumu akaacha kuuliza kama ameimaliza. Kwenye vikao wenzake walisogeza vikombe vyao mbali kidogo, maana goti lake lilitikisa meza nzima.

Usidhani alizaliwa hivyo. Wasiwasi ule ulikuwa na mzizi, na mzizi wenyewe ulikuwa shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemlea, kijijini, katika nyumba ndogo iliyokaa nyuma ya bega la mlima. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa kuchora nyumba kwa mkaa kwenye kuta za watu. Shangazi hakumpiga. Alimpa kitambaa kilicholowa na kumwambia, "Umechora, sasa futa." Mtoto akafuta, kesho akachora tena, na nyumba ya kesho ilikuwa nzuri kidogo kuliko ya jana. Hivyo ndivyo alivyokua, hivyo ndivyo alivyofaulu, na hivyo ndivyo alivyofika mjini na kuwa msanifu wa mabenki, vituo vya mafuta na maduka yenye vioo vya mbele.

Mwaka mmoja Shangazi alikuja mjini kutibiwa jicho. Kifutio, kifua mbele, akampeleka kuona benki mpya aliyoichora mwenyewe, ghorofa la vioo kutoka chini hadi juu. Shangazi alilitazama kwa jicho moja, akashuka nalo hadi chini, akapanda nalo tena hadi juu. Kisha akasema, "Nzuri, mwanangu. Sasa mtu anaingilia wapi?"

Goti lilianza kutikisika siku hiyo. Mwenye kuuliza alishasahau, alikwenda zake kununua sabuni, lakini aliyeulizwa hakusahau. Alijua kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuwa amejenga kitu hata kimoja ambacho angeweza kumleta Shangazi mbele yake na kunyamaza tu.

Ndipo upepo ulipong'oa paa la shule ya kijijini. Watoto wakahamishiwa kwenye ghala la mazao, madarasa yote pamoja, huyu akiimba alfabeti na yule akipigia kelele kugawanya kwa mafungu. Shangazi, ambaye siku hizo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, akapiga simu.

"Wewe si unajenga?" alisema bila salamu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Njoo ujenge."

Kulikuwa na wafadhili waliokuwa tayari kusaidia, nao walitaka shule ya kisasa isiyoharibu mlima. Lakini ofisi ya ujenzi ilikuwa imeweka sharti lake: ramani lazima ikubaliwe na wazazi. Wakiikataa, ingeletwa ile ramani ya siku zote, banda moja refu linalojengwa bondeni, tambarare na mlimani bila kubadilishwa hata dirisha. Ili likae kwenye kiwanja cha shule, mteremkoni, katapila lingepasua mlima na kuusawazisha, na miti yote ingelala chini. Kifutio alikuwa ameona mabanda yale ya kutosha, na alikuwa ameona udongo wa juu yake ukishuka na mvua hadi darasani.

Basi akachora. Lo, alichora! Alifuta hadi karatasi zikatoboka. Barabara ilipita juu ya mlima, na kiwanja cha shule kilikuwa mteremkoni chini yake, kikitazama bonde. Akayapanga madarasa kama ngazi yakishuka na mlima, kila moja limejikita nusu ardhini, kuta ni za mawe ya palepale. Madirisha yaliupa mgongo upande wa mvua. Na paa lilifunikwa udongo na majani, kwa sababu hakusahau utotoni mwake, mvua ilipopiga mabati na mwalimu akatupa chaki mezani na kuwaambia waimbe tu mpaka inyamaze. Hakukata mti hata mmoja. Mtu akipita barabarani angeona mlima na asijue kama chini ya miguu yake kuna watoto wanasoma.

Mkuu wake wa kazi aliizunguka ile ramani mara mbili na kusema, "Hapa umepaheshimu mahali." Wenzake wakapiga makofi. Kwa siku nzima goti lilitulia.

Alifika kijijini na gunia la majivu. Hiyo ilikuwa desturi yake ya kazi tangu alipoanza: karatasi haiwafai watu, maana kwenye karatasi kila mtu anakubali. Yeye aliichora nyumba ardhini, kwa ukubwa wake halisi, watu waingie na kutoka, wajue pa kuweka meza na pa kugonga kichwa. Fundi wa mawe wa pale kijijini alimshikia kamba. Watu walimwita Taratibu, na hawakukosea. Alipiga kigingi kimoja, akakitazama, akakipapasa, akavuta pumzi, ndipo akauliza kingine kiko wapi.

"Haraka haraka haina baraka, dada," alisema.

"Na taratibu taratibu haina shule," Kifutio akajibu huku akimpokonya nyundo.

Wazazi walipokuja, mambo yalianza vizuri mno. Shangazi alisimama mbele, leso begani, akasema, "Haya wazazi. Msanifu wetu ndiye huyu. Wengi mnamjua, mlimfukuza mashambani kwenu akiiba mahindi. Leo amekuja kurudisha." Watu wakacheka, wakaingia kwenye madarasa ya majivu. Wanawake walikaa chini kama wanafunzi. Mwalimu mkuu alisimama penye ubao usiokuwepo na kukohoa kidogo kama anayetaka kuanza somo. Kifutio alikuwa akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, huku akieleza upepo, kivuli na mvua.

Mama mmoja mwenye mbuzi wengi, ambaye kwa hiyo aliitwa Mama Mbuzi, akainua mkono. "Mtu akipita huko barabarani, ataona nini?"

"Hataona kitu!" Kifutio alijibu, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Ataona mlima tu. Hapo ndipo uzuri wake ulipo."

"Na sisi tulio ng'ambo ya bonde?"

"Hata ninyi. Mawe ni yaleyale ya mlima, miti iko palepale mbele. Hamtajua kama pamejengwa."

Taratibu, ambaye alikuwa akikunja kamba, akaacha kukunja.

"Basi mbuzi wangu wanashukuru," Mama Mbuzi akasema. "Kumbe walikuwa wanajengewa malisho."

Kicheko kilichotoka hapo hakikuwa kile cha kwanza. Baba mmoja akadakia kutoka nyuma, "Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini elimu nayo iliingia mvunguni lini?"

"Jamani, kizuri chajiuza!" Kifutio akasema, na sauti ikampanda bila ruhusa yake.

Shangazi ndiye aliyejibu, kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Kitajiuzaje kikiwa shimoni, mwanangu? Hebu tuambie. Tumekosa nini sisi, hata watoto wetu wasomee mafichoni?"

Mtu akauliza kama ile ramani nyingine, ya banda refu, inaonekana. Mwalimu mkuu, ambaye hakupenda kusema uongo, akasema ndiyo, lile lina mabati na linaonekana. Mikono ikaanza kupanda. Lakini mwenyekiti alikuwa mwepesi kuliko mikono. Alitangaza kwamba jua ni kali, kikao kinaahirishwa hadi Jumamosi, na asiyetaka kuahirisha aje amtoe yeye kwanza kwenye kiti. Hakukuwa na kiti, lakini hakuna aliyethubutu.

Jikoni kwa Shangazi, Kifutio alipanda na kushuka katika nafasi isiyotosha hata kuku kugeuka. Alikuwa na hasira na aibu, na hakujua ipi imtangulie.

"Umeniaibisha mbele ya watu, Shangazi."

"Nimekuokoa. Mikono ilikuwa inapanda, hukuiona?"

"Mjini walipiga makofi! Wote walisema nimepaheshimu mahali!"

"Mahali ni nani?" Shangazi akauliza. Alikuwa akimenya viazi na hakuinua kichwa. "Mlima nimeusikia. Miti nimeisikia. Mvua, upepo, hata mawe umeyaombea. Sisi umetuweka kifungu gani?"

"Nimewawekea darasa lisilo na kelele, lisilo na joto..."

"Tunashukuru. Kaa."

"Sitaki kukaa."

"Basi simama usikie. Ulikuwa na miaka mitatu, mwili wako unawaka homa. Nilikubeba mgongoni kutoka hapa, nikavuka bonde lote, ukaacha kulia. Mtoto akilia unajua yupo. Ulipoacha, nikakaa chini njiani. Nilikuwa nimekata tamaa, sikufichi. Nikainua macho, nikaona paa la zahanati linang'aa kule kileleni. Lilikuwa baya lile paa, limepinda, mabati ya kuokoteza. Lakini lilionekana. Nikasimama." Akatumbukiza kiazi kwenye maji. "Watoto wa hapa wanaamka gizani kuja shule. Wengine wana njaa. Wengine baba zao wanawaambia bora wachunge. Watoke huko waangalie mlimani wasione kitu, wavutwe na nini?"

Kifutio akausukuma mlango. Akatoka nje. Chai aliyomiminiwa ikapoa.

Siku zilizofuata kijiji kizima kilimwona akitangatanga. Alivuka bonde, akasimama kwenye nyua za watu bila kubisha hodi, akageuka na kuutazama mlima, akafumba jicho moja, akaenda ua mwingine. Alikwenda kisimani. Alikwenda kwenye mashamba ya mbali, hadi mbwa wakachoka kumbwekea. Mama Mbuzi alimkuta amechuchumaa katikati ya mbuzi wake, anaangalia mteremko, anachora hewani kwa kidole.

"Umepoteza kitu?" akamuuliza.

"Nimesimama pabaya," Kifutio akasema. "Miezi yote hii nilikuwa nimesimama barabarani."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amekuja na gari, akashukia barabarani, akapima kutoka barabarani, na picha zote alizozichora zilikuwa jicho la mgeni anayepita: mgeni anayependa kuona mlima haujaguswa, aseme "pazuri hapa," akanyage mafuta aende zake. Hapakuwa na mwanakijiji hata mmoja aliyeishi barabarani. Wao waliishi huku ng'ambo na bondeni, na mlima ule ndio waliokuwa wakiamka nao kila asubuhi mbele ya mlango. Yeye, mtoto wa hapohapo, mwizi wa mahindi ya hapohapo, alikuwa amekijengea kijiji chake kama mpita njia. Hilo lilimchoma kuliko kicheko cha watu.

Alirudi akafuta. Hakufuta yote. Madarasa aliyaacha yalivyo, yameinama na mlima, kimya na baridi, na suala la mbuzi akalikabidhi kwa uzio na fimbo ya mwalimu mkuu. Lakini ngazi ya juu kabisa, penye chumba cha kusomea, aliinyanyua. Aliipa paa la mabati lenye mgongo mkali, linalopanda juu ya vilele vya miti, na chini yake dari nene ya matete ya kumeza kelele za mvua. Lilikuwa paa moja tu. Lakini liwe juu kiasi gani, na likae wapi hasa, ili nyumba zilione? Karatasi haikujua.

Asubuhi ya Jumamosi alimwomba Shangazi shuka lake jekundu la kitanda.

"Hilo ni la wageni," Shangazi akasema, huku akilitoa.

Mpango wake ulikuwa hivi. Mwanakijiji mmoja katika kila nyumba abaki nyumbani. Wengine waje kiwanjani. Taratibu na vijana wawili wangesimamisha mti mrefu wenye shuka, pale ambapo paa lingefika, wakati wowote bila kutangaza. Nyumba inayoliona ianike nguo uani. Mwalimu mkuu alipendekeza wapigiane simu, ni rahisi zaidi, lakini Kifutio alikataa. "Kwenye simu watasema ndiyo ili kuniridhisha. Asiyeliona shuka hatajua saa ya kuanika."

Mti ulipanda. Shuka likajikunja, likasita, kisha upepo ukalikamata. Kifutio alisimama akiuma kucha. Ng'ambo ya bonde hapakuwa na kitu. Goti lake lilikuwa likicheza peke yake.

"Taratibu," Taratibu akanong'ona, na hakuwa akijitaja jina.

Kisha ua mmoja ukatoa kitu cheupe. Ukafuata mwingine, shati la bluu. Kwa Mama Mbuzi likaanikwa blanketi zima. Bondeni, karibu na kijito, nguo za watoto zikatoka mstari mzima, na watu waliokuwa kiwanjani wakaanza kupiga kelele kila mtu akionyesha kwake: "Kwangu kule! Hiyo ni sketi ya mke wangu!" Yule baba wa mvunguni alikuwa amepanda juu ya jiwe akihesabu nyua za ndugu zake kwa sauti. Hapakuwa na haja tena ya kuuliza nani anakubali.

Lakini Kifutio hakuwa akitazama nguo. Alikuwa akitazama bega la mlima, mahali ilipojificha nyumba aliyokulia. Alikuwa amemwacha huko binti wa jirani, na taulo la manjano mkononi. Hapakuwa na taulo.

"Hamisha," akamwambia Taratibu.

"Hamisha nini? Bonde zima limeanika!"

"Hamisha! Sogeza kule juu, kwenye mwamba."

Wakauhamisha mti, wakitoka jasho. Kwenye ule mwamba shuka likapepea juu zaidi, na punde si punde, pembeni mwa bega la mlima, kitu cha manjano kikachungulia. Lakini nyuma yake kelele zilikuwa zimekufa. Kutoka pale mwambani, miti ilikuwa imeliziba bonde. Karibu na kijito, mkono wa mtu ulikuwa ukianua nguo za watoto, moja baada ya nyingine.

Shangazi alipanda mteremko, anahema, leso imemdondoka begani.

"Unafanya nini?"

"Pale chini, kwako hakuonekani."

"Najua."

"Unajua?"

"Nyumba nakaa mimi, nisijue mlango wangu unaona nini? Toka siku ya majivu nilijua."

"Na hukusema!" Kifutio alikuwa karibu kulia, na hakujali nani anaona. "Shangazi, hii shule nakujengea wewe. Wewe ndiye ulisema ionekane. Sasa nikujengee usiione?"

"Kwa hiyo uwafumbe macho wa bondeni ili mimi nifumbuliwe?" Akamshika mkono, akaubana ubavuni pake kama alivyokuwa akiubana zamani wakivuka kijito. "Nisikilize. Hao hawajaiona hii shule. Mimi nimeiona zamani. Ilikuwa ukutani kwangu, kwa mkaa, na mimi ndiye niliyekwambia ufute. Rudisha mti."

Kifutio akasimama. Akamwashiria Taratibu kwa kichwa, na mti ukashuka, ukarudi pale ulipokuwa. Bega la mlima likabaki tupu. Kule bondeni nguo zikatoka tena, kwanza za watoto, na blanketi la Mama Mbuzi lilikuwa halijaondolewa kabisa.

"Nipige kigingi hapa?" Taratibu akauliza.

"Piga."

"Kesho hutafuta?"

"Sifuti."

Taratibu akapiga, akakitazama, akakipapasa. Mtu akaleta birika. Kifutio alikaa chini, kwenye mstari wa majivu, magoti yote mawili yametulia, akanywa chai yake ikiwa ingali moto hadi ikamwunguza ulimi.

Shangazi alikuwa amesimama kando yake, leso imerudi begani, akiizungushia macho ile michoro ya majivu kutoka chini hadi juu.

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Sasa mtu anaingilia wapi?"

Kifutio akacheka hadi chai ikamwagika. Akaweka kikombe chini, akamshika mkono, akamwingiza mlangoni.